Chekechea nazo ni mtaji wa soko la dhahabu

Katikati ya Machi 2020 wakia moja ya dhahabu iliuzwa katika soko la dunia kwa karibu dola 1,500 za Marekani. Mwisho wa Juni mwaka huo bei ilikuwa imevuka dola 1,750, na mapema Agosti ikapita dola 2,000 kwa mara ya kwanza. Kwa mfanyabiashara wa Geita, Kahama au Shinyanga, hiyo ndiyo sura anayoikumbuka ya mwaka wa korona. Ugonjwa ulikuwapo na hofu ilikuwapo, lakini bei ilikuwa nzuri na masoko ya madini hayakufungwa.

Katika miezi hiyo hiyo kuna biashara ndogo iliyokuwa inakata roho bila kutajwa katika taarifa yoyote ya soko. Ni biashara ya kulea watoto wadogo mchana: shule za awali za watu binafsi, chekechea za mitaani, na vituo ambako mama humwacha mtoto asubuhi na kumchukua jioni. Wengi huiona kuwa ni shughuli ya ustawi wa jamii tu, isiyomhusu mwenye mtaji. Mtazamo huo una kasoro, na kasoro hiyo iliwagharimu wafanyabiashara wenyewe fedha.

Hoja ni nyepesi. Serikali ilikuwa na haki ya kufunga kwa siku moja. Kufungua ni jambo jingine. Kufungua kunahitaji kukaa mezani na wale wanaofungua milango, na katika mikoa ya dhahabu meza hiyo inapaswa kuwekwa kabla gonjwa jingine halijabisha hodi.

TAREHE ZILIVYOKWENDA

Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Machi 16, 2020. Siku iliyofuata, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule za awali, msingi na sekondari kwa siku 30. Aprili 14 muda huo ukaongezwa bila kutajwa kikomo. Juni 1 vilifunguliwa vyuo pamoja na kidato cha sita. Juni 16, akilihutubia Bunge mjini Dodoma, Rais John Magufuli alitangaza kwamba shule zote zilizobaki zingefunguliwa Juni 29.

Kutoka Machi 17 hadi Juni 29 ni siku 104. Kutoka tangazo la kufungua hadi siku yenyewe ni siku 13.

Kwa shule ya Serikali siku 13 zinatosha, kwa kuwa mwalimu yupo, mshahara wake umelipwa na jengo halidaiwi kodi. Kwa mwenye chekechea mtaani hali ni tofauti. Walezi wake wamekwisha rudi vijijini kulima au wamekwenda kuuza maandazi. Mwenye nyumba anadai kodi ya miezi mitatu. Anatakiwa kununua ndoo za maji tiririka na sabuni na kupunguza msongamano, huku wazazi wakiwa hawajalipa hata senti tangu Machi. Halafu kuna swali la kisheria. Shule ya awali iko chini ya mamlaka za elimu, lakini kituo cha kulelea watoto wadogo mchana kinasajiliwa kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na kiko chini ya ustawi wa jamii. Tangazo linapozungumzia shule, mwenye kituo hulazimika kwanza kujiuliza kama yeye ni shule au la.

MCHIMBAJI ALIITWA MEZANI

Isidhaniwe kwamba Serikali haijui kusikiliza biashara ndogo. Inajua, na mfano mzuri umo humo humo katika dhahabu.

Januari 22, 2019 wachimbaji wadogo na wafanyabiashara wa madini waliitwa jijini Dar es Salaam kukutana na Rais. Walisema wazi kilichokuwa kinawasukuma kwenye magendo: kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, kodi ya zuio ya asilimia 5, na kukosekana kwa mahali halali pa kuuzia. Mwezi uliofuata Bunge lilirekebisha sheria na kodi hizo mbili zikaondolewa kwa wachimbaji wadogo. Machi 17, 2019 Waziri Mkuu akazindua soko la dhahabu la Geita. Miezi miwili haikufika tangu watu wakae mezani.

Matunda yake yanajulikana. Mchimbaji mwenye gramu chache akapata mizani ya halali, na halmashauri na Hazina zikapata mapato yaliyokuwa yakipitia uchochoroni. Mauzo ya dhahabu nje ya nchi yalikuwa zaidi ya dola bilioni 2.2 mwaka 2019, na mwaka 2020 yakakaribia dola bilioni 3. Bei ya dunia ilisaidia sana, lakini bei hiyo ingeweza pia kulinufaisha soko la magendo.

Mwaka mmoja kamili baada ya soko la Geita kuzinduliwa, yaani Machi 17, 2020, likatoka tangazo la kufunga shule. Biashara ya malezi haikupata Januari 22 yake. Tarehe ya kufungua ilitoka Dodoma, nayo ilikuwa moja kwa nchi nzima.

GEITA SI MAGANZO

Hasara ya tarehe moja kwa wote inaonekana vizuri ukilinganisha miji miwili ambayo haiko mbali sana.

Geita, Nyarugusu, Rwamgasa na Kakola kazi haikusimama. Mgodi wa Geita uliendelea kuzalisha, na wachimbaji wadogo waliongeza bidii kadiri bei ilivyopanda. Wanawake wanaoponda mawe, wanaouza chakula machimboni na wanaonunua mchele Kahama kwa ajili ya kuuza kwa rejareja walikuwa na kazi kuliko kawaida. Hapo mlezi wa mtoto alihitajika zaidi ya wakati wowote, na ndipo mlango wake ulipofungwa.

Maganzo, wilayani Kishapu, mambo yalikuwa kinyume. Mji huo unaishi kwa almasi ya Mwadui. Bei ya almasi ilianguka na mnamo Aprili 2020 mgodi wa Williamson ukasimamisha uzalishaji, nao haukurudi kazini hadi mwaka 2021. Mwenye chekechea wa Maganzo aliyefungua Juni 29 alifungua duka lisilo na mteja, kwa kuwa mzazi aliyekuwa akilipa hakuwa na kipato.

Hivyo mwenye kituo wa Geita alihitaji taarifa ya mapema na masharti ya afya yanayotekelezeka, ili afungue salama na haraka. Mwenzake wa Maganzo alihitaji kuahirishiwa madeni na kodi ya pango hadi mgodi urudi. Tangazo moja haliwezi kutoa dawa mbili. Mkutano wa asubuhi moja katika kila halmashauri ungeionyesha tofauti hiyo bila Serikali kutumia fedha yoyote ya maana.

HESABU YA MTAA MMOJA

Msomaji wa ukurasa huu hupenda namba. Ichukuliwe, kwa mfano tu, chekechea yenye watoto 30, kila mmoja akilipiwa Sh 1,000 kwa siku. Mapato yake ni Sh 30,000 kwa siku. Katika siku 104 zile kulikuwa na siku 74 za Jumatatu hadi Ijumaa. Bila kuondoa sikukuu, mapato yaliyopotea ni Sh 2,220,000. Pango la Sh 50,000 kwa mwezi, kwa miezi mitatu na nusu, ni Sh 175,000 nyingine ambazo mwenye nyumba anazidai hata kama mlango umefungwa.

Sasa uangaliwe upande wa akina mama 30. Kila mmoja akiwa anapata Sh 8,000 kwa siku na kukosa mlezi kukamkatia nusu ya kazi, kinachopotea ni Sh 4,000 kwa mama mmoja na Sh 120,000 kwa wote. Hizo ni fedha ambazo zingepita siku hiyo hiyo kwa muuza unga, muuza mkaa, bodaboda na wakala wa simu. Kwa mfano huu, kila shilingi anayoikosa mwenye chekechea inauondolea mtaa shilingi nne.

Namba zitabadilika kutoka mtaa hadi mtaa, lakini umbile la hesabu halibadiliki. Kituo cha malezi ni sehemu ya mtaji wa kuendeshea biashara, kama ilivyo dizeli ya karasha. Dizeli ikikosekana kila mtu hupiga kelele. Mlezi akikosekana kila mama humaliza shida yake kimya kimya, na mfanyabiashara hubaki anashangaa kwa nini mauzo yamepungua katika mwaka wa bei nzuri.

MTOTO HUISHIA WAPI

Mama asiyekuwa na mlezi ana njia tatu. Anabaki nyumbani na kupoteza kipato. Anamwacha mdogo kwa dada yake wa miaka minane au tisa, ambaye naye shule yake imefungwa. Au anakwenda naye kazini.

Kazini, katika ukanda huu, maana yake mara nyingi ni machimboni: penye mashimo yasiyozibwa, vumbi la mawe, na mialo ambako dhahabu huchenjuliwa kwa zebaki. Moshi wa zebaki inapochomwa ni sumu kwa mfumo wa fahamu, na mtoto ambaye ubongo wake bado unakua ndiye anayedhurika zaidi. Jambo hili si geni. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto katika machimbo madogo ya dhahabu ya Tanzania, na Geita na Kahama zilikuwa miongoni mwa wilaya zilizochunguzwa. Sheria za nchi zinakataza ajira ya mtoto migodini, lakini katazo halimpi mama mahali pa kumwacha mtoto wa miaka mitatu.

Anayedhani hilo ni suala la huruma peke yake aliangalie soko. Wanunuzi wakubwa wa dhahabu wanaofuata utaratibu wa soko la London hutakiwa kuhakikisha kwamba mzigo wanaoununua haukutokana na ajira mbaya za watoto. Dhahabu ya eneo lenye sifa hiyo huulizwa maswali mengi, na maswali hushusha bei. Anayelipa tofauti hiyo mwishoni ni mchimbaji na broka wa Geita.

MIKOPO ILIPITA PEMBENI

Nafuu ya kibiashara ilikuwapo mwaka 2020. Mwezi Mei Benki Kuu ilishusha riba inayowakopesha mabenki kutoka asilimia 7 hadi 5. Ikapunguza kiwango cha amana ambacho mabenki hulazimika kuweka kwake kutoka asilimia 7 hadi 6, na ikayaruhusu kupanga upya mikopo ya wateja waliokwama. Kikomo cha miamala ya simu kwa siku kilipandishwa kutoka Sh milioni 3 hadi milioni 5.

Hizo zilikuwa hatua nzuri, ila zilimfikia mwenye mkopo benki. Mwenye chekechea wa kawaida hana mkopo benki. Amekopa vikoba, au amechukua fedha ya upatu kununua magodoro na vyombo vya uji. Deni la vikoba halipangwi upya kwa waraka wa Benki Kuu. Wenzake wa kikundi wanalitaka Jumamosi.

Mwaka 2021 Tanzania ilipata mkopo wa dola milioni 567.25 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, na katika mpango wa Sh trilioni 1.3 uliozinduliwa Oktoba mwaka huo yakajengwa madarasa 15,000, yakiwemo 3,000 ya vituo shikizi. Madarasa hayo yatatumika miaka mingi. Hata hivyo darasa la awali huanza mtoto akiwa na umri wa kwenda shule, na muda wake huisha mchana. Mtoto wa miaka miwili ambaye mama yake anatoka saa kumi na mbili alfajiri bado anamhitaji mlezi wa mtaani.

MAJIRANI WALIFANYA NINI

Haki itendeke: Tanzania ilifungua mapema. Nchini Uganda shule zilifungwa Machi 2020, na shule za awali hazikurejea hadi Januari 10, 2022. Mtaji wa mwenye shule binafsi ya huko haukuweza kusubiri karibu miaka miwili. Kenya iliunda Mei 2020 kamati ya kukusanya maoni juu ya kufungua shule, chini ya Dkt. Sara Ruto, lakini madarasa mengi yalirudi Januari 4, 2021. Kwa hiyo meza peke yake si dawa. Mtu anaweza kukaa mezani mwaka mzima na mlango ukabaki umefungwa.

Marekani ilikwenda njia nyingine. Machi 2021 Bunge lake lilitenga dola bilioni 39 kwa ajili ya malezi ya watoto, sehemu kubwa ikiwa ni kuviokoa vituo visife. Hakuna anayeota kwamba Halmashauri ya Geita itafanya hivyo. Cha kujifunza ni kwamba taifa la wafanyabiashara lilikihesabu kituo cha malezi kuwa ni mhimili wa uchumi, sawa na barabara.

Tanzania ilikuwa na kasi bila meza, na Kenya meza bila kasi. Kinachofaa ni vyote viwili.

HOJA YA UPANDE WA PILI

Wapo watakaosema kwamba mwenye chekechea akiulizwa lini ifunguliwe atajibu kesho, kwa sababu anatafuta fedha. Hoja hiyo ina uzito. Mchimbaji naye aliyeitwa Januari 2019 alikuwa anatafuta fedha. Serikali ilimsikiliza, ikaondoa kodi mbili, lakini mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1 vikabaki. Kusikiliza si kukubali kila kitu. Mamlaka ya afya ndiyo inayosema lini ni salama, na anayejua jinsi ya kutenganisha watoto 30 katika vyumba viwili ni yule anayekaa nao kila siku.

Wengine watasema vituo vingi havijasajiliwa, hivyo Serikali haiwezi kuzungumza na asiyejulikana. Lakini mchimbaji asiye na leseni alijitokeza alipoona kuna faida ya kujitokeza. Mwenye kituo akiambiwa kwamba usajili unampa nafasi mezani, na si ziara ya mkaguzi pekee, naye atakwenda kwa afisa ustawi wa jamii kwa miguu yake.

KIFANYIKE NINI SASA

Suala hili si la kumbukumbu. Januari 20, 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwapo kwa ugonjwa wa Marburg wilayani Biharamulo, mkoa wa Kagera, ambako ni jirani na mkoa wa Geita. Mlipuko huo ulitangazwa kumalizika Machi 13 mwaka huo. Ulizimwa bila kusambaa, lakini barabara inayopita Biharamulo ndiyo inayopitisha mizigo na wachimbaji. Safari ijayo bahati inaweza isiwepo.

Hatua tatu hazihitaji sheria mpya. Ya kwanza ni orodha. Kila halmashauri ya Geita na Shinyanga ijue vituo vyake vya malezi, vyenye usajili na visivyo nao, na wenye vituo wachague wawakilishi wao. Programu ya taifa ya malezi na makuzi ya mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021 kwa kipindi cha hadi 2025/26, ilikwisha weka msingi wa kazi hiyo chini ya ustawi wa jamii.

Ya pili ni mapatano ya maandishi yanayofanywa wakati wa amani: gonjwa likitangazwa, kufunga ni mara moja bila mjadala. Baada ya siku 14 mganga mkuu wa wilaya, afisa ustawi na wawakilishi wa vituo wakutane. Kufungua kutanguliwe na taarifa ya wiki tatu, na masharti yanayopimika ya maji, sabuni na idadi ya watoto kwa chumba. Pale penye watoto wa akina mama walioko machimboni vituo vichache viruhusiwe kufungua kwanza, chini ya uangalizi.

Ya tatu ni fedha, nazo mifereji yake ipo. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 ikiwa ya wanawake. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 na kurudishwa 2024. Vikundi vya walezi vihesabiwe humo, na marejesho yao yasimame siku mlango unapofungwa kwa amri. Aidha, sheria ya madini inamtaka mwenye mgodi akubaliane kila mwaka na halmashauri juu ya mpango wa kuihudumia jamii. Kwenye mpango huo, pamoja na zahanati na madawati, akiba ndogo ya kufungulia vituo vya malezi baada ya gonjwa ni matumizi ya busara.

Nani ayadai haya? Mwenye chekechea peke yake sauti yake ni ndogo. Chama cha wachimbaji, wanunuzi wa soko la dhahabu na wafanyabiashara wa Kahama wana sauti, na mwaka 2019 walionyesha kwamba ikitumika vizuri hufika. Bei ya dhahabu ilivuka dola 3,000 mwezi Machi 2025. Bei kama hiyo huvuta mikono mingi kazini, na nyuma ya mikono hiyo wapo watoto ambao lazima walelewe na mtu. Mwekezaji anayepanga kununua karasha au kufungua duka Nyarugusu aulize bei ya umeme na bei ya dizeli, kama kawaida yake. Halafu aulize wafanyakazi wake watawaacha wapi watoto, na siku amri ya kufunga ikitoka nani atakaa na nani kupanga siku ya kufungua.